Kiapo Dhidi ya Friji

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la saba, nikavuka mipaka chini ya turubai la lori, na siku niliyoshuka Durban sikuwa na hata soksi. Nilianzia Point, kwenye chumba ambacho godoro tulililalia kwa zamu, anayetoka kazini anamwamsha anayekwenda. Leo nina duka Overport, nje kuna jina langu kwa herufi nyekundu, nina mafundi watatu na nyumba Cato Manor ambayo sikumwomba mtu matofali. Polisi wamenikamata, majambazi wamenivamia, na mwaka wa zile fujo za madukani walinibebea kila kitu mpaka friji iliyokuwa na chakula changu cha mchana. Nikaanza upya. Kwa hiyo mtu akija kuniambia serikali imefanya hivi na vile, namwambia kaa chini, kunywa soda. Serikali nazijua. Kila moja ina mlango wa mbele na wa nyuma, na wa nyuma una mtu anayekula.

Kazi yangu ni friji. Sikusomea. Nilijifunza kwa kusikiliza, maana kompresa nzima ina mlio wake, na ile inayotaka kufa ina mlio wake, na mimi nazitofautisha nikiwa bado barabarani. Nanunua zilizokufa: kwa Wahindi wanaohama, kwa mahoteli ya ufukweni yanayobadilisha vyombo. Nazifungua, nazisafisha, najaza gesi, nabadilisha mpira wa mlango, nauza. Dhamana yangu ni ya mdomo: ikikusumbua irudishe, nakupa hela yako yote. Waliowahi kurudisha hawajai hata kwenye teksi, na mmoja wao alikuwa amekosea kuchomeka waya.

Kitu pekee nilichojisifia kuliko friji ni mdogo wangu. Baba alipofariki yeye alikuwa bado anatambaa, mimi ndiye niliyemsomesha kuanzia daftari la kwanza hadi shahada ya pili. Jasho langu la Point ndilo lililomvalisha lile koti jeupe. Akawa mkuu wa chumba cha vijidudu kwenye maabara ya mkoa, kule kwetu ziwani. Nilimwita Daktari mbele ya wateja, ingawa mwenyewe alikuwa ananisahihisha kwenye simu.

"Kaka, mimi si daktari. Sitibu mtu."

"Unajua kilichomuua mtu?"

"Mara nyingi."

"Basi wewe ni daktari wa ukweli, hao wengine wanabahatisha."

Alikuwa anacheka taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

Mwaka mmoja friji ya maabara yao ilikufa. Wakubwa wakasema bajeti ijayo. Mdogo wangu akawa anahifadhi vitendanishi, yaani zile dawa wanazopimia vijidudu, kwenye friji ya mama ntilie ng'ambo ya barabara, pembeni ya soda na samaki. Aliponiambia nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Nilikuwa nimepata friji ya mlango wa kioo, ya dawa, kutoka kwenye duka la dawa lililofungwa. Mimi na fundi wangu Mkongomani tuliifumua yote. Kompresa, feni, themostati mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Tuliiacha inawaka dukani wiki nzima, kipimajoto ndani, na sindano haikutingishika. Nikabandika kwenye mlango stika ya duka langu na namba ya simu, nikaipakia kwenye lori la wafanyabiashara wa kwetu. Ilifika nzima. Mkurugenzi wa maabara akaikatia utepe, akapiga nayo picha, akasema serikali inawajali wananchi wake. Mimi sikutajwa. Lakini stika ilionekana vizuri pale nyuma ya bega lake, na ile picha niliituma kwenye kila grupu.

Masika yaliyofuata watu wakaanza kuharisha.

Mdogo wangu alinipigia nikiwa nakula. Akanieleza kama anavyonieleza siku zote, polepole, kwa vitu ninavyoweza kuviona. Kuna visahani vina kitu cha kijani kama jeli. Unapaka kinyesi cha mgonjwa, unaacha kwenye joto mpaka kesho yake. Vikitoka vidoa vya njano, una jambo. Unafanya vipimo vingine vya kuhakikisha, na jambo lina jina.

"Vimetoka?"

"Sahani baada ya sahani. Kisima cha sokoni, kisima cha shule. Ni kipindupindu, kaka. Lakini wametukataza neno."

"Neno gani?"

"Hilo."

Nilicheka. "Kwani ni tusi?"

Hakucheka. Mkubwa wa nchi alikuwa ameshasema kwenye mkutano wa hadhara kwamba chini ya utawala wake ugonjwa ule umekwisha, umebaki historia. Na samaki wa ziwa letu wanauzwa nje. Nje wakilisikia lile neno hawanunui. Ikapigwa simu kutoka juu, bila karatasi: kuanzia sasa ugonjwa unaitwa tumbo la msimu. Vidoa viwe vya njano, viwe vya zambarau, jibu litakaloandikwa ni tumbo la msimu.

"Andika basi," nilimwambia. "Ugonjwa haujui kusoma."

"Ugonjwa haujui, sheria inajua. Likiandikwa kipindupindu kisima kinafungwa siku hiyohiyo na dawa za maji zinaletwa. Likiandikwa tumbo la msimu, watu wanapewa vidonge na kurudishwa nyumbani wakachote palepale."

Aliandika kipindupindu. Akasaini, akagonga muhuri, akatuma nakala kwa kila ofisi ambako sheria inasema zitumwe. Wakamchukua kazini, amevaa koti. Kosa: kutoa takwimu bila kibali na kuwatia hofu wananchi. Nakala zikakusanywa ofisi moja baada ya nyingine, na visima havikufungwa.

Mimi sikuhofia sana mwanzoni, nasema kweli. Nilisema huu ni mlango wa nyuma tu, tutafute anayekula. Nikaweka wakili. Wakili akasema shauri zito, wakubwa wamekasirika, anaweza kula miaka. Mama akanipigia, sauti imekauka. "Wewe ndiye uliyempeleka shule," alisema. "Nirudishie mwanangu." Akakata.

Basi nikahangaika na simu mpaka nikapata mtu wa ubalozi wetu. Alikuwa anakuja Durban kwa shughuli zake, akakubali tuonane. Nilimpeleka pale Overport ninapokula siku zote, nikaagiza bunny ya mbuzi, mkate umejaa mchuzi mpaka unalia. Yeye akaagiza maji ya chupa, akafuta mdomo wa chupa kwa leso. Kijana tu, suti safi, heshima tele.

"Kaka mkubwa, sisi hatuna ugomvi na mdogo wako. Ni msomi wetu. Tunamhitaji."

"Kama mnamhitaji mtoeni."

"Atoke vipi, na jibu lake bado liko pale?"

"Litupeni."

"Tumeshalitupa. Lakini watu wa mashirika wanauliza kwa nini. Mtaalamu akikosea bila sababu, hiyo ni hujuma. Akikosea kwa sababu ya kifaa, ni bahati mbaya. Na mtu hafungwi kwa bahati mbaya."

Nilichukua bahasha niliyokuja nayo, nikaiteleza chini ya sahani upande wake. Akaitazama. Akairudisha kwa kidole kimoja.

"Kulipa utalipa, kaka, usijali. Ila si kwangu, na si leo." Akainama kidogo. "Nimesikia ile friji ya maabara ilitoka kwako."

"Friji yangu haina tatizo."

"Hakuna aliyesema ina tatizo. Wewe ndiye utakayesema."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkate. Nikautoa, nikatafuta pa kuupangusa. Alikuwa na maandishi tayari kwenye simu yake, yamepangwa vizuri, yanasubiri jina tu. Mimi fulani, fundi na mmiliki wa duka fulani, ninaapa kwamba friji niliyoipeleka maabara ya mkoa ilikuwa na themostati mbovu, kwamba nilijua ubovu huo, na kwamba haikuweza kutunza vitendanishi katika baridi inayotakiwa.

"Na nikiandika?"

"Wiki hiyohiyo yuko nyumbani kwa mama yenu."

Nilirudi dukani nikamwambia fundi wangu. Yule Mkongomani ni mtu wa makamo kama mimi, tumekaa pamoja tangu Point, huniita patron, yaani bosi, lakini ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kunibishia mbele ya wateja. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya friza. Hakutoka.

"Mais patron, ile frigo tulitengeneza na mikono yetu. Iko inashika baridi kupita morgue ya maiti."

"Najua."

"Sasa utaandika themostati gani? Nilitia mi mwenyewe. Neuf, mupya."

"Najua, bwana."

"Na frigo ikipata moto, ile microbe inazaliwa?"

"Inakufa. Baridi ikiharibika zile dawa zinalala, vidoa havitoki kabisa. Havitoki vya njano."

Akajivuta, akatoa kichwa, uso umejaa vumbi. "Alors hata uongo yao wametengeneza mubaya."

"Ndiyo."

"Eish." Akarudi chini. Baadaye kidogo nikamsikia: "Uandike jina yako, patron. Yangu usitie."

Askari jela mmoja alikula kidogo, nikapewa mdogo wangu kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ileile, ya kutomwaga kitu.

"Kaka, wakikuletea karatasi ya friji, usisaini."

"Umejuaje?"

"Waliniletea mimi kwanza."

"Ukakataa?"

"Joto haliumbi kijidudu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atacheka."

"Acha acheke ukiwa nje."

"Kaka, nisikilize. Kila aliyekuja kunihoji ananiamini. Mmoja ameniuliza kwa siri watoto wake wachote wapi. Wanajua. Wanachotafuta ni mtu wa kuwaambia kwamba walikuwa na haki ya kutojua. Usiwe wewe."

"Na mama?"

Yule askari akachukua simu yake.

Niseme nilivyofikiri, kwa sababu watu wananihukumu bila kujua. Nilifikiri hivi: friji ni bati. Visima havikufungwa kwa jibu la kweli, basi jibu la uongo litaongeza nini? Ukweli wake ulikuwa umeshaingia ofisi zote na haukufunga hata bomba moja. Damu yangu iko ndani, mama halali, na kinachotakiwa ni mimi kuitukana kazi yangu kidogo. Nimetukanwa sana hapa mjini na watu wasionijua. Nilidhani nitaweza.

Huku Afrika Kusini ukitaka kuapa unakwenda kituo cha polisi, wanakugongea muhuri bure. Nikapanga foleni nyuma ya watu waliopoteza vitambulisho. Askari mmoja, mama wa Kizulu, alisoma karatasi yangu yote, kidole kikifuata mstari, maana niliifanyia na tafsiri yake ya Kiingereza. Akaniangalia juu ya miwani. Tuliongea Kiingereza chetu cha kuchanganya na Kizulu.

"Baba, hii friji iliua mtu?"

"Hapana."

"Aliyeinunua amekushtaki?"

"Niliitoa bure."

"Umetoa friji bure, hakuna aliyelalamika, na umekuja kuapa kwamba ni mbovu." Akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka, mimi pia nikacheka ili mambo yaende. "Unaapa kwamba haya ni kweli na yanaifunga dhamira yako?"

Nilikuwa nimeshajibu maswali ya mipaka mingi maishani, na kwenye mipaka mtu hadanganyi, anapita tu. Hili lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu alinisubiri kwa adabu.

"Ndiyo."

"Sharp, baba, sawa." Akagonga.

Walitimiza ahadi, sitawasingizia. Mdogo wangu alitoka wiki ileile. Lakini kabla hajatoka, mkurugenzi yuleyule wa utepe aliita waandishi wa habari uani kwa maabara. Walikuwa wameitoa friji nje, kwenye jua, haijachomekwa, mlango wazi. Akasoma kiapo changu chote. Jina langu akalitamka vizuri safari hii. Akasema mtaalamu wao alipotoshwa na kifaa chakavu kilichotupwa kwetu kutoka ughaibuni, na kwamba tumbo la msimu linadhibitiwa. Halafu akaenda kwenye kisima cha sokoni, akanywa glasi nzima mbele ya kamera. Maji yalikuwa maangavu mno kwa kisima kile, lakini glasi ni glasi. Na stika yangu, herufi nyekundu na namba ya simu, ilikaa katikati ya picha muda wote aliokuwa anasoma.

Video ilifika Durban kabla ya saa ya chakula. Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja Mkenya, mhadhiri wa chuo kikuu, friji yake nilimuuzia zamani na ilikuwa haijawahi kukohoa. Aliileta kwenye bakkie, pikapu yao, imefungwa kamba.

"Mimi binafsi sina shida nayo," alisema. "Lakini mzee ameiona ile video, anasema kama mtu mwenyewe ameapa, sisi ni nani?"

"Inagandisha?"

"Inagandisha vizuri sana."

"Basi tatizo ni nini, mama?"

"Si umesema ulikuwa unajua?"

Ningemwambia nini? Mdogo wangu alikuwa nyumbani kwa masharti, na yale magrupu yana masikio. Ningesema nilidanganya, wangemrudisha ndani jioni hiyo. Nikafungua droo, nikampa hela yake yote kama nilivyomwahidi siku aliyonunua. Wakaja wa kwetu, wakaja Wakongo, akaja mpaka mchungaji na friza ya kanisa. Fundi wangu alizipokea mlangoni, akazichomeka zote kwa mpangilio. Zote zilikuwa zinafanya kazi. Duka zima likawa linaunguruma, friji nzima tupu, na mimi katikati nawarudishia watu pesa. Mafundi wawili niliwaachisha mwezi huo. Yule Mkongomani alikataa kuondoka, hata nilipomwambia sina mshahara.

Mdogo wangu alinipigia mara moja tangu atoke. Nilitegemea shukrani, sifichi. Nilikuwa nimeketi tayari kuipokea na kuipuuza kidogo, kama mkubwa anavyofanya.

"Nimeachishwa kazi," alisema. "Kwa uzembe. Nilitumia kifaa bila kukihakiki."

"Kazi zipo. Njoo huku, nitakulipia kila kitu."

"Chumba cha vijidudu wamekifunga. Hakuna mahali pengine mkoa mzima pa kupimia. Zamani walikuwa wanakataa kuandika, sasa hata wakitaka kuandika hawana cha kuandika." Nilimsikia anavuta pumzi. "Yule mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anatuwekea vitu kwenye friji yake. Wamemzika jana na mtoto wake. Kwenye cheti wameandika tumbo la msimu."

"Pole."

"Nikisema ni nini kilichomuua, wananiambia, kaka yako mwenyewe ameapa."

"Mdogo wangu, nilikutoa."

"Ulinitoa," alisema. Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo shida. Aliongea kama anasoma sahani. "Wangenifunga miaka, ningetoka na jibu langu. Sasa niko nje na sina."

Tangu siku hiyo hapokei. Natuma hela, zinarudi. Mama anasema anashinda kimya, anachemsha maji. Anachemsha ya nyumbani, anachemsha ya majirani, sufuria baada ya sufuria, na majirani wengine wanamcheka, wanasema jela imemharibu akili, redio imeshasema hakuna kitu.

Yule kijana wa ubalozi hakusahau. Ilikuja barua, yenye heshima kama yeye mwenyewe: kwa kuwa nimekiri kuipatia serikali kifaa kibovu, natakiwa kuleta kingine kipya, saizi ileile, kutoka dukani, kikiwa na muhuri wake. Wakili akanishauri nilipe, masharti ya mdogo wangu yasije yakaguswa. Mimi, ambaye tangu nimezaliwa sijawahi kununua friji mpya, nilikwenda kwenye duka la vifaa vya hospitali kule mjini nikasimama kwenye foleni kama mteja. Niliilipia, nikalipia na lori. Maabara imefungwa, kwa hiyo iko ofisini kwa mkurugenzi. Wanasema anawekea maji ya chupa.

Juzi tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi na mke wangu, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani. Aliniuliza jambo hili limetugharimu kiasi gani, lote kwa pamoja, wakili, askari, marejesho ya wateja, friji na lori lake. Alidhani nitapiga hesabu. Sikuwa na haja, ninalala nayo na ninaamka nayo. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, nikamwambia: R94,615.